Mtungi wa Upepo Si Kitu cha Kuokoteza

Hivi nani aliwaambia vijana wetu kwamba mtungi wa upepo hununuliwa kwa chenji iliyobaki? Mtu anajinyima mwaka mzima. Anaagiza rimu za inchi 19, anaagiza maputo manne ya upepo, kompresa mbili, vali za umeme na rimoti ya kupandishia na kushushia gari. Rangi kapiga upya, viti kashona upya. Ukimuuliza, mtungi je? Anakujibu: "Huo fundi ataangalia." Mfyuu! Fundi ataangalia nini, na wewe hela yote umeshaimalizia kwenye rimu?

Nasonya kwa sababu jambo hili linaniuma. Kijiwe chetu kiko Ilala, gereji zimetuzunguka kila upande, na hazikosi Crown, Mark X au Altezza iliyokuja kulazwa chini. Sina ugomvi na kulaza gari. Gari iliyolala vizuri, madigadi yamekaa sawa juu ya matairi, inapendeza, na kijana aliyeitengeneza kwa jasho lake anastahili sifa. Ugomvi wangu uko kwenye buti. Lifungue utakuta spika kubwa, taa za bluu, zulia limepigwa vizuri, na katikati ya urembo wote huo umelala mtungi ambao si mwenye gari wala fundi anayeweza kukwambia ulitengenezwa kubeba presha kiasi gani. Na kwenye kiti cha nyuma, mbele ya mtungi huo huo, ndipo watoto wanapokaa wakipelekwa shule.

Tuelezane taratibu, maana hapa wapo wanaojua na wapo wanaotikisa kichwa tu. Mnaosafiri mikoani mnaijua ile pumzi basi linayotoa likifika stendi. Mabasi mengi makubwa ya kisasa hayakalii springi za chuma, yanakalia maputo ya mpira yaliyojaa upepo. Range Rover na Mercedes kubwa nyingi hutoka kiwandani na mfumo wa namna hiyo. Kijana wetu anachofanya ni kung'oa springi za Crown na kuweka maputo. Akitoa upepo gari inalala, akiujaza gari inanyanyuka. Sasa kompresa ndogo ya gari inasukuma upepo polepole, haiwezi kuinua gari zima kwa mara moja. Ndiyo maana kuna mtungi. Kompresa inaujaza mapema, upepo unakaa humo umebanwa, na ukibonyeza rimoti vali inafunguka, upepo unakimbilia kwenye maputo na gari inapanda ndani ya sekunde chache.

Kwa hiyo mtungi si pambo la buti. Mtungi ndio unaoamua kama gari itapanda au itagoma, na ni chombo kinachokaa na presha kubwa usiku na mchana, gari ikitembea na gari ikiwa imepaki. Kitu cha namna hiyo unakichaguaje mwisho?

Dogo mmoja wa Crown alinibana hapa juzi. "Mzee wangu, mtungi wa lita 11 si unatosha? Wa lita 19 unanila nafasi ya spika." Nikamwambia, mwanangu, vuta kiti tupige hesabu.

Tuseme kila puto lako, gari ikiwa imesimama kwenye kimo cha kutembelea, lina nafasi ya lita 3 na presha ya psi 80. Upepo wa kawaida huu tunaoupumua una presha ya karibu psi 14.7. Kubana upepo wa kawaida hadi ujaze lita 3 kwa psi 80 unahitaji karibu lita 19 za upepo huo. Mara maputo manne, ni kama lita 77. Hizo ndizo mtungi wako unatakiwa kutoa kila unapoinua gari kutoka chini kabisa. Kanuni yenyewe si ya jana: Robert Boyle aliichapisha 1662, kwamba upepo ukiubana nafasi ikapungua nusu, presha yake inakuwa maradufu, ilimradi joto halijabadilika. Basi chukua mtungi wa galoni 3, yaani lita 11 na kidogo, ulioshiba psi 175. Ukitoa lita 77 za upepo wa kawaida, presha inashuka karibu psi 99. Unabaki na 76. Maputo yanataka 80! Upepo hautoki penye presha ndogo kwenda penye presha kubwa. Gari itanyanyuka mpaka karibu na juu, kisha itasimama hapo inasubiri kompresa iihurumie.

Sasa chukua galoni 5, yaani lita 19. Mzigo ni ule ule wa lita 77, lakini presha inashuka kama psi 60 tu. Unabaki na 115, maputo yameshashiba 80, na akiba ya kurekebisha kona moja au mbili bado unayo. Hesabu hii ni ya karibu, maana upepo ukitoka kwa kasi unapoa na maputo hayafanani, lakini inakuonyesha njia. Na kwa mji huu wenye matuta kila baada ya hatua, uliyelaza gari kwenye foleni ukafika mbele ya tuta, nyuma yako daladala inapiga honi, ndipo utajua tofauti ya lita 11 na lita 19. Nafasi ya spika! Kama buti ni dogo, weka mitungi miwili ya galoni 3 na uiunganishe. Mtungi mkubwa mmoja na midogo miwili vinafanya kazi ile ile, mradi jumla ya lita inatosha.

Lakini msikimbilie ukubwa mkasahau kompresa. Mtungi wa lita 19 kuutoa kwenye sifuri hadi psi 200 unahitaji karibu lita 258 za upepo wa kawaida. Kompresa inayotoa wastani wa lita 30 kwa dakika itafanya kazi karibu dakika 9 mfululizo. Kompresa ndogo nyingi hazikuundwa kukimbia muda mrefu hivyo kwa presha kubwa bila kupumzika. Zinachemka, ringi za pistoni zinaisha, mwisho zinakufa. Mtu anafunga mtungi mkubwa wa lori kwenye kompresa moja ya kujazia matairi, kompresa ikiungua analaumu Wachina. Soma kwenye maelezo ya kompresa muda inaoruhusiwa kufanya kazi na muda wa kupoa, kisha linganisha na lita za mtungi wako. Mtungi na kompresa vinachaguliwa pamoja.

Nimekuja sasa kwenye kinachonisonyesha zaidi ya vyote: mitungi ya kuchomelea.

Nimeuona mmoja kwa macho yangu kwenye buti la gari nzuri ajabu. Fundi alichukua bomba nene la chuma, akalikata, akakata vibati viwili vya duara, akavichomelea huku na huku. Juu akachomelea nati nne za kuingizia fitingi. Akausugua kwa msasa, akaupiga rangi nyeusi ya kung'aa. Ukiutazama kwa mbali unasema umetoka kiwandani. Nikapitisha kidole kwenye mshono wa kibati cha mwisho. Mshono umepanda na kushuka, mahali pengine chuma kimerundikana, mahali pengine kuna tundu dogo kama la sindano ambalo rangi ndiyo iliyoliziba. Na vibati vyenyewe bapa, vimenyooka.

Hapo kwenye ubapa ndipo pa kusimama. Tazameni mtungi wowote wa kiwandani, hata ule wa chini ya lori: ncha zake zote mbili zimebinuka kama bakuli. Hawakuzibinua kwa urembo. Umbo la kubinuka linaigawa presha sawasawa kwenye chuma chote, lakini kibati bapa kikisukumwa kinataka kupinda, na mzigo wote unakwenda kulia kwenye kona, pale pale kwenye mshono wa fundi. Mzigo wenyewe ni kiasi gani? Mtungi wenye upana wa sentimita 20, ukiutia psi 200, kila ncha yake inasukumwa kwenda nje kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 4. Tani nne! Usiku kucha! Na kila unaposhusha na kupandisha gari, chuma kinanyooka na kurudi, kinanyooka na kurudi, na ufa mdogo kwenye mshono unaongezeka bila mtu kuuona, kwa sababu rangi inang'aa.

Fundi mmoja, mtu mzima mwenzangu, akanibishia: "Ndugu yangu, mimi nimeujaribu. Niliujaza upepo mpaka geji ikagoma, haukupasuka." Nilimheshimu kwa umri wake, lakini sikumwacha. Mtungi haujaribiwi kwa upepo. Viwandani wanaujaza maji mpaka pomoni, hewa yote itoke, kisha wanaongeza presha ya maji kupita ile ya kazi. Maji hayabaniki kama upepo. Mtungi ukifa ukiwa na maji, unachuruzika na presha inaisha hapo hapo. Ukifa ukiwa na upepo, upepo wote uliobanwa unafumuka kwa pamoja na kuchukua chuma na kila kilicho mbele yake. Aliyeujaribu kwa upepo akiwa amesimama pembeni hakuujaribu mtungi, aliyajaribu maisha yake. Na wala jaribio la siku moja halikwambii kitu kuhusu mshono huo baada ya mwaka wa matuta.

Akaja mwingine na lake: "Basi tuchukue mtungi wa gesi ya kupikia. Ule umetoka kiwandani, ncha zimebinuka, chuma kigumu." Lo! Ugumu wa chuma haukatazi maswali mengine. Mtungi ule una tundu moja, na wewe unataka matano. Kwa hiyo utautoboa na kuuchomelea. Ukiuchomelea, joto linabadilisha chuma pale pembeni ya mshono, na ukaguzi wote wa kiwandani umekufa siku hiyo. Na kabla hujafika huko, mtungi "mtupu" wa gesi si mtupu. Ndani kuna mabaki ya gesi na mafuta mazito yaliyoganda kwenye kuta, na cheche ya kuchomelea ikikutana na gesi iliyochanganyika na hewa, ni mlipuko. Mafundi wameshapoteza mikono na uhai kwa kukata mitungi na mapipa "matupu". Mtungi wa kuzimia moto nao una hadithi hiyo hiyo: umetengenezwa kwa kazi nyingine, tundu moja, na wengi wanaouchukua wanauokota umeshatupwa kwa sababu umepitwa na muda wa ukaguzi. Chombo kilichokataliwa kuokoa nyumba unakipeleka kulala nyuma ya watoto?

Msiseme mimi naogopa kivuli. Dunia imelipia somo hili kwa maiti. Tarehe 20 Machi 1905, boila la kiwanda cha viatu cha Grover mjini Brockton, Massachusetts, lililipuka likapaa, jengo likaanguka na moto ukala lililobaki. Walikufa watu 58. Boila la mvuke si mtungi wa gari, ukubwa wake ni mwingine kabisa, lakini ubaya ni ule ule: chuma kinachobeba presha bila mtu kujua hali yake ya ndani. Miaka miwili baadaye jimbo lile likatunga sheria ya maboila, na kutoka hapo wahandisi wa mitambo wa Marekani, ASME, wakaandika kanuni za maboila na mitungi ya presha, toleo la kwanza 1914. Kibati kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa mtungi, ambacho mafundi wetu wanakipiga msasa ili rangi ikae vizuri, kimetoka kwenye historia hiyo. Mnaking'oa kwa sababu kinaharibu rangi!

Basi tukisome kibati hicho, ndicho cha kuanza nacho dukani. Kwanza, presha ya juu inayoruhusiwa kufanya kazi. Mitungi ya Marekani huandikwa kwa psi, ya Ulaya kwa bar, na kwenye ya Ulaya hutafutwa herufi PS. Bar moja ni karibu psi 14.5. Hapa ndipo wengi wanapoingia shimoni. Anakuta mtungi wa lori kutoka kwenye lori lililokatwakatwa, kibati kinasema bar 10, anauchukua kwa furaha. Bar 10 ni psi 145. Yeye swichi yake ya presha inazima kompresa ikifika psi 200, ambayo ni karibu bar 13.8. Maana yake kila siku, mchana na usiku, anaubebesha mtungi mzigo ambao aliyeutengeneza amekataa kwa maandishi. Mtungi wa lori si mbaya. Ukiwa mzima, kibati kipo, haujabonyea wala kutoboka kutu, na ukaweka swichi ya presha ndogo kuliko ile ya kwenye kibati, utakufaa. Ila presha ndogo inataka lita nyingi zaidi, rudia ile hesabu ya Boyle kabla hujalipa.

Pili, ujazo kwa lita au galoni. Tatu, jina la mtengenezaji na mwaka. Mtungi usio na kibati, hata uwe mzuri vipi, uache hapo hapo dukani. Usiniambie muuzaji kasema unabeba 200. Muuzaji atakuwa wapi siku ukipasuka?

Halafu hesabu matundu. Unahitaji tundu la kuingiza kutoka kwenye kompresa, la kwenda kwenye vali, la swichi ya presha na geji, la vali ya usalama, na la kutolea maji ambalo liko chini kabisa. Ukinunua mtungi wenye matundu machache, fundi atakwambia atakuongezea. Hapana. Zipo fitingi za kugawa tundu moja kuwa mawili au matatu, zinafungwa kwa spana bila moto. Na uangalie uzi wa tundu: mitungi mingi ya Marekani ina uzi unaokwenda ukijibana, ya malori ya Ulaya ina uzi ulionyooka wa milimita 22 unaozibwa kwa ringi ya mpira. Fitingi ya huku inaweza kuonekana imeingia kule, inashika mizunguko miwili, unazungushia tepu nyeupe kibao, inanyamaza. Siku ya joto inachomoka kama risasi.

Vali ya usalama ndiyo mlinzi wako wa mwisho. Swichi ya presha ikiganda, kompresa haijui kusimama, itasukuma tu. Vali ya usalama inatakiwa ifunguke kabla presha haijapita ile ya kwenye kibati. Mimi ningekuwa na mtungi wa psi 200 ningefunga swichi inayowasha 145 na kuzima 175, nikabaki na nafasi ya kupumua, na vali ya usalama isiyozidi 200. Nimesikia mafundi wakiziba vali hiyo kwa boliti kwa sababu "inapiga kelele". Ndugu zangu, ile kelele ni mtungi unaomba msaada. Ukisikia vali inapuliza, tafuta swichi iliyokufa.

Sasa maji. Hapa nampisha mzee wetu aliyeendesha malori ya Zambia, amekaa hapa kijiweni kwetu na kahawa yake. Anasema enzi zake, kabla lori halijaondoka, tandiboi alikuwa anaingia uvunguni anavuta kikoki cha chini ya kila mtungi wa breki, maji yanatoka, ndipo safari inaanza. Asiyevuta kikoki, breki zilikuja kumuuliza mlimani Kitonga. Vijana mnamcheka kwamba ni mambo ya kizamani. Hebu tupige tena hesabu.

Hewa ya Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa imejaa unyevu. Katika joto la nyuzi 30, hewa iliyoshiba kabisa inabeba kama gramu 30 za maji kwa kila mita ya ujazo. Tuseme leo ina asilimia 80 ya unyevu, yaani gramu 24. Kujaza mtungi wa lita 19 hadi psi 200 umeingiza lita 258 za hewa hiyo, ambazo zimebeba gramu 6 za maji. Upepo ukishapoa ndani ya mtungi, lita 19 hazina uwezo wa kubeba hata gramu moja ya mvuke. Zilizobaki zinadondoka chini. Ni kijiko kizima cha chai kila ukijaza kutoka sifuri, na karibu nusu kijiko kila kompresa inaporudisha kutoka 110 hadi 200. Shusha na pandisha gari mara kadhaa kwa siku, wiki ikiisha una kikombe kidogo cha kahawa. Kikombe hicho kinakalia tumbo la mtungi wa chuma, kinautafuna kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Nje rangi inang'aa, ndani chuma kinapungua unene. Maji mengine yanakwenda kwenye vali za umeme na kuzigandisha kwa kutu. Na ndugu zetu walioko Canada na Ulaya, kwao yanaganda kuwa barafu, gari asubuhi haipandi.

Kwa hiyo weka kichujio cha maji kati ya kompresa na mtungi, na kikiwezekana kingine kati ya mtungi na vali. Fungua kikoki cha chini angalau kila wiki, na kwa pwani hii kila siku mbili tatu hujakosea. Kama fundi ameulaza mtungi hivi kwamba tundu la kutolea maji linatazama juu, mwambie augeuze leo. Na hapo ndipo swali la chuma au aluminiamu linapopata maana. Chuma ni rahisi na kinapatikana, ila kinataka mtu wa kufungua kikoki. Aluminiamu ni nyepesi na haishiki kutu ile nyekundu, ingawa chumvi ya bahari nayo inaweza kuitoboa vitundu vidogo ikiachwa uvunguni na tope. Chuma cha pua ni kizuri kuliko vyote, na bei yake inajua hivyo. Mimi kwa mtu wa pwani anayeweza, namshauri aluminiamu ndani ya buti. Asiyeweza, chuma chenye kibati na nidhamu ya kikoki kitamfikisha.

Kuufunga nao ni kazi ya kutazamwa. Mitungi ya kiwandani huja na miguu yake iliyochomelewa huko huko. Miguu hiyo ifungwe kwa boliti na vibati vya kushikilia kwenye chuma cha gari, si kwenye ubao wa zulia tu, wala si kwa kamba za plastiki. Mtungi wa chuma wa kilo kama 10 uliolegea, gari ikigonga, unakuja mbele kwa nguvu mara nyingi ya uzito wake. Usiufunge karibu na eksozi, na usichomelee kitu chochote juu ya mwili wa mtungi, hata kipande cha kushikia waya.

Ukishafunga, ujaze, zima gari, pitisha povu la sabuni kwenye kila fitingi. Kisha soma geji usiku na uisome tena alfajiri. Hapa msiogope bure: joto likishuka nyuzi 10, mtungi uliokuwa na psi 175 utasoma kama 6 pungufu bila kuvuja hata tone. Ukikuta umeshuka 30 au 40, hapo kuna mahali panavuja, na kompresa yako inafanya kazi ya bure kila siku hadi ife. Hata wakubwa walitaabika na uvujaji. Cadillac Eldorado Brougham ya 1957 ilitoka kiwandani na maputo ya upepo, yakasumbua kiasi kwamba wengi wa wenye magari hayo waliyang'oa wakarudisha springi za kawaida. Kama General Motors ilihangaika, wewe wa chini ya mwembe ongeza umakini mara mbili.

Kuna jambo moja la mwisho linanikera. Kompresa ya fundi pancha na ya gereji ni vyombo vya presha mahali pa kazi, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wana mamlaka ya kuvikagua. Mtungi ulio kwenye buti la kijana hauna wa kuukagua isipokuwa kijana mwenyewe na fundi wake. Ndiyo maana napiga kelele hapa, kwa sababu hakuna mwingine atakayepiga.

Dogo wa Crown, nakuomba kama mwanangu, geuza mpangilio wa manunuzi. Anza na presha na lita unazohitaji, tafuta mtungi wenye kibati unaozifikia, chagua kompresa inayouweza, funga swichi na vali ya usalama zinazoendana nao. Rimu nunua kwa kilichobaki. Mtungi mzuri wa kiwandani ni sehemu ndogo ya bei ya rimu zako nne, na rimu za inchi 17 hazijawahi kumuua mtu kwa aibu. Nanyi wauza spea, acheni kuuza mitungi iliyong'olewa vibati huku mkiapa kwa Mungu. Nanyi mafundi wetu, ambao mikono yenu naiheshimu kwa sababu inatulisha wote hapa, mnaweza kuchomelea geti, chasisi na bodi ya daladala, na kazi hizo fanyeni kwa fahari. Mtungi wa presha ukataeni. Mteja akisisitiza, mwambieni akatafute wa kiwandani kwanza, aje nao na kibati chake, ndipo mshike spana.